Kahombo Asiye na Mama

Mushaki, tarehe 5 mwezi wa sita, 1955

Dada Jeannette,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo, kwa mama yetu na kwa Papa Léopold, ndugu wa marehemu baba. Mimi sijambo, ila baridi ya huku milimani mpaka leo haijanizoea. Ng'ombe wa mzungu wanatoa maziwa, mimi nayapeleka kwenye mashine ya jibini, kesho yake tunaanza upya.

Nina habari, kaa chini kwanza. Unakumbuka nilikuandikia mwaka jana kwamba wazungu wa sinema walikuja kutafuta watu wa kucheza hadithi ya Kahombo, yule shujaa wa zamani aliyebaki peke yake kwenye kivuko ili watu wake wapate kuvuka mto na watoto na mbuzi? Walipanga vijana mstari pale Bihambwe, wakatukimbiza, wakaturukisha, wakatupatia pinde. Vijana wa hapa ni hodari wa jembe, lakini upinde wanaushika kama fimbo ya kuchungia. Unadhani nani alichaguliwa? Mtoto wa msituni! Kahombo ni mdogo wako. Wenyeji walinung'unika sana. Sebarenzi, kapita anayetusimamia kazini, alisema mbele yangu, "Banamupa muntu wa Walikale kucheza shujaa wetu, na siye tuko wapi?" Nikamjibu kwamba Kahombo alivuka kuja kwetu, ninyi mlimwona mgongo tu.

Sasa sinema imekamilika na kamyo yake, lori lenye mashine, itazunguka kila mahali. Watafika Walikale kabla ya mwezi huu kwisha, watafunga kitambaa chao cheupe kwenye kiwanja cha serikali. Mpeleke mama. Mkalishe mbele kabisa. Kila barua anauliza nitakuja lini. Basi mwambie mwanawe anakuja, tena mrefu kama nyumba! Mwisho wa sinema sikuambii. Nataka mshtuke wenyewe.

Kuhusu safari yangu, kiangazi hiki haitawezekana, ruhusa hakuna. Kiangazi kijacho, Mungu akipenda.

Mdogo wako,
Albert


Walikale, tarehe 30 mwezi wa sita, 1955

Albert,

Ulitaka tushtuke. Basi tumeshtuka.

Nitakueleza tangu mwanzo ili ujue ulilotufanyia. Kamyo ilifika Jumamosi. Watu walitoka mpaka vijiji vya ng'ambo ya mto Lowa, na wawindaji walikuja na mikuki kana kwamba wameitwa vitani. Mama alivaa kikwembe kipya, akajipaka mafuta usoni. Nilimkalisha mbele kabisa, kama ulivyoagiza.

Ulipotokea, kelele zilikuwa nyingi hata mashine haikusikika. Mama alicheka, akasema, "Angalia miguu yake! Anatembea sawa baba yake." Wawindaji walikukosoa kila ulipolenga: shusha kiwiko, usisimame upande wa upepo, mshale huo hautaua hata panya. Katekista, ambaye alisema amekuja kulinda imani ya watu tu, alisimama juu ya kiti akikupigia kelele, "Banakuja nyuma! Angalia nyuma!" Wewe hukuangalia nyuma.

Mshale wa kwanza ulipokupata watu walinyamaza. Ulipoanguka mtoni, Papa Léopold aliinuka akasema kwa sauti kubwa, "Hapana. Hapana vile. Kahombo hakufa." Naye alisema kweli. Wewe umelelewa na hadithi hiyo, unaijua. Kwetu Kahombo alivuka, akatembea msituni mpaka kwa mama yake. Akakuta ameshaliliwa, matanga yamekaliwa, na mama akamlisha tonge kwa mkono wake ndipo akawa mtu tena. Nani aliwapa hao wazungu ruhusa ya kumwua? Na wewe ukakubali kulala pale? Watu walianza kurusha udongo kwenye kitambaa, mwenye mashine akaogopa.

Halafu wakakuonyesha umelazwa kwenye majani ya ndizi, kichwa kimenyolewa, macho yamefungwa, na wanawake wa huko wamekuzunguka. Wakaimba. Kilikuwa kilio chenyewe, Albert, si wimbo wa mchezo. Hapo mama aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye kitambaa, akaweka mikono kichwani, akakulilia. Hakutaja Kahombo. Alitaja jina lako, na la baba yetu, na la babu. Nilimshika mkono akaniondoa. Wanawake wenzake walingoja kidogo, mmoja akamwitikia, kisha wote. Picha zilikwisha, kitambaa kikabaki cheupe, na wao bado wanalia.

Tulipofika nyumbani alizima moto mwenyewe. Asubuhi alinyoa nywele, na wazee wakazika mgomba nyuma ya nyumba mahali pa mwili wako, kama anavyofanyiwa mtu aliyefia mbali. Padri amekataa kusoma misa; anasema kanisa haliziki picha. Mama hakubishana naye.

Nijibu upesi. Watu wanaleta kuni za matanga na mimi sijui niwaambie nini.

Dada yako,
Jeannette


Mushaki, tarehe 14 mwezi wa saba, 1955

Dada,

Nilisoma barua yako nikacheka mpaka Straton, mwenzangu wa kazi, akadhani nimelewa. Nilipoisoma tena sikucheka.

Mwambie mama mishale ile haikuwa na vyuma, ilivutwa na uzi. Damu ilikuwa rangi. Mto ulinifika magotini, na kilichonipata humo ni mafua tu. Nilipoamka kwenye yale majani nilikula mkate na samaki wa kopo pamoja na wale wale walioniua. Nilipouliza kwa nini Kahombo afe, mzungu wa sinema alisema kwao watu wanapenda shujaa afe vizuri, na mimi nilifikiri ni kazi kama kazi nyingine. Ninatuma picha yangu niliyopigwa mjini Sake juzi: nimesimama, nimevaa viatu. Mwonyeshe. Na huo mgomba ufukueni, mtaniletea mkosi.

Lakini wewe mbona hukumzuia? Wewe ulisoma kwa masista, sinema unaijua. Sasa habari imefika mpaka huku, maana madereva wa kamyo hawana siri. Kila asubuhi Sebarenzi anapotuhesabu ananiita, "Marehemu iko?" na kazi inaanza kwa kicheko.

Kuja siwezi. Mkataba wangu haujaisha, nikitoka nafasi yangu inapewa mwingine siku hiyo hiyo.

Albert


Walikale, tarehe 1 mwezi wa nane, 1955

Mdogo wangu,

Picha ilifika. Mama aliishika muda mrefu, akafuta vumbi kwenye viatu vyako kwa kidole, akanirudishia. Alisema, "Hii pia iko picha." Nikamsomea barua yako yote, uzi, rangi, samaki wa kopo, naye alisikiliza mpaka mwisho, akasema umejifunza kuandika vizuri.

Nilikwenda kwa Papa Léopold nikamwomba aseme naye. Akanijibu kwamba yeye anajua u hai, mimi najua, na Walikale nzima inajua. Hakuna mjinga hapa. Lakini aliyekuzaa amekulilia kwa jina lako mbele ya watu, na mgomba umezikwa. Jambo hilo haliondolewi na karatasi. Unaliondoa wewe mwenyewe: uje, usipite mlango wa mbele, ukae kimya nyuma ya nyumba mpaka yule yule aliyekulilia akulishe kwa mkono wake. Nikamwuliza, na asipokuja?

"Asipokuja, mu kilio ya muntu yeyote wa hii nyumba hatashika jembe, hatalia, hatatupa udongo," alisema. "Maiti haiziki maiti."

Matanga yataondolewa mwezi wa kumi, mwezi mpya ukionekana. Siku hiyo nguo zako zitagawanywa, na wavu wako wa kuwindia, na kiwanja chako kitapewa mtoto wa Papa Léopold. Asiyekuwepo na lake halipo, unalijua hilo.

Mama anakusalimu. Hapana, nimekosea, hakukusalimu. Mkono wangu umezoea kuandika hivyo. Yeye hajambo kidogo. Siku hizi anakula uji tu. Amenikataza kuandika zaidi.

Jeannette


Mushaki, tarehe 12 mwezi wa nane, 1955

Dada,

Papa Léopold aje amsomee mzungu wangu sheria hiyo, tuone atajibiwa nini. Mimi nimebatizwa, na nimechoka kuitwa marehemu kazini na nyumbani vilevile. Kama mama anataka kuniua kwa ajili ya kitambaa, aniue. Wavu gawaneni. Nitakuja kiangazi kijacho kama nilivyosema.

Albert

Umeandika mama anakula uji tu. Ni meno?


Walikale, tarehe 27 mwezi wa nane, 1955

Albert, mutoto wangu,

Jeannette njo anaandika, miye njo ninasema. Nimemukataza kutengeneza maneno yangu.

Unaandika habari ya uzi na mishale. Nani alikuambia sikujua? Niliona kamyo, niliona mashini, niliona bijana banafunga kitambaa ku miti mbili. Siko mupumbavu. Nilijua ile iko muchezo, na nilifurahi, sababu miaka sita sikuona miguu yako.

Halafu bakakuua. Nikasema, muzuri, iko muchezo, sasa mama yake atakuja. Mu hadithi yetu mama ya Kahombo iko. Nikangoja. Bakakulalisha ku majani, bakakunyoa, bamama ba kule bakaimba, bote bageni. Mama hakuna. Mutoto analala kati ya bantu benye habamujui na hata moja haulizi mama yake iko wapi. Na miye ninakaa pale mbele, ku nafasi weye mwenyewe ulisema banikalishe, bantu bote banangalia. Ningefanya nini? Niliinuka.

Kile kilio hakikuwa kipya, Albert. Niko nacho tangu kiangazi cha pili, wakati uliandika "kiangazi kijacho" na nikajua utaandika vile tena. Muntu mwenye humuoni, husikii sauti yake, unapata karatasi tu, huyo anaitwa nani? Nilitaka kumulilia zamani, nikakosa mwili. Ile siku baliuleta na kamyo.

Sikia na lingine, lenye Jeannette anataka kuandika na ninamukataza. Niko mugonjwa. Iko kitu kigumu chini ya mbavu. Muganga wa dispansere alishika pale, akanipa dawa ya usingizi. Kiangazi chako sitakiona. Sikuiti juu ya ugonjwa. Nakuita juu uko hai, na miye ningali na nguvu ya kuinua mukono. Nikikufa mbele ya kukulisha, hakuna mwingine wa kukulisha. Utabaki vile, na siku yangu utasimama kule mbali kama mupita njia.

Nilifanya vile kwa hasira ao kwa mapendo, sijui. Pengine vyote mbili. Na weye fanya vile unaweza.

Mama yako,
Joséphine-Marie


Mushaki, tarehe 26 mwezi wa tisa, 1955

Kwa dada Jeannette,

Hunijui. Jina langu ni Mukandori, mke wa Albert. Tulifunga ndoa kanisani miaka minne iliyopita na tuna mtoto wa kike, Emérita. Najua hakuwaambia. Alimwoa binti wa watu bila kumwita hata baba mdogo mmoja wa kwenu kukaa upande wake, akaona haya. Kisha kila mwaka ulivyopita maneno yalizidi kuwa mazito, na kila kiangazi aliogopa kufika akiwa na mke mgongoni. Mkataba haukuwa sababu. Nilimwambia mara nyingi, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nenda. Leo nakuandikia mwenyewe kwa sababu ameondoka. Barua hii ikimtangulia, tafadhali msimgombeze kwa ajili yetu kabla hajala.

Ile barua ya mama aliisoma amesimama zizini, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakuondoka. Siku zilipita hivyo, na mimi nikaanza kumwona mtu mbaya.

Jumapili sinema ikaletwa hapa Mushaki. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa hajaiona hata siku moja! Watu walimkalisha mbele, wakamvisha shada la majani. Kila alipopiga mshale walimwita jina. Sebarenzi peke yake alilalamika kwamba Kahombo wa kweli alikuwa mrefu zaidi na hakuvaa ngozi ya namna ile, lakini na yeye alisahau kulalamika vita vilipoanza. Albert alipoanguka mtoni, watu walipiga makofi. Walipiga miluzi. Wakamwomba mwenye mashine arudishe kipande kile, akarudisha, Albert akafa tena, wakapiga makofi tena.

Emérita alikuwa magotini pangu. Alilia "Papa!" mpaka akakosa pumzi. Katika kundi lote lile ni yeye tu aliyelia. Albert alikuja mbio akimwambia, "Niangalie, ni miye, niko hapa." Mtoto akamtazama, akatazama kitambaa, akanishika shingo. Nyumbani baba yake alimpa ndizi, akakataa kuipokea mkononi mwake. Albert alikaa na ile ndizi muda mrefu, wala hakumlazimisha.

Asubuhi alimpelekea Sebarenzi ndoo zake za maziwa. Sebarenzi alimwambia, "Kazi haitakungoja." Akajibu, "Hata mama hatangoja." Alipata kamyo ya kumfikisha Masisi, na toka hapo alisema atatembea kama hakuna nyingine.

Nina hofu, dada. Kama amefika, niandikie hata neno moja. Kama mama hakumngoja, niandikie pia.

Mukandori


Walikale, tarehe 18 mwezi wa kumi, 1955

Wifi yangu Mukandori,

Barua yako ilifika nyuma yake, kwa hiyo habari zenu alitupa mwenyewe. Papa Léopold alikasirika kwa muda wa kutosha, kisha akauliza mtoto anafanana na nani. Mumeo yuko salama. Amechoka, miguu imevimba. Nisamehe kukawia kujibu, utaona sababu.

Alifika mvua ikinyesha, siku chache kabla ya mwezi mpya. Hakupita mlango wa mbele. Tulimkuta ameketi nyuma, kati ya migomba, kimya, na mimi niliyemwandikia maneno makali miezi yote ile sikuruhusiwa hata kumwambia karibu. Mama alikuwa hawezi tena kusimama. Tulimbeba na mkeka wake mpaka nje, tukamketisha mbele yake. Nilikuwa nimepika bugali.

Mama alimega tonge. Tonge la kwanza lilianguka kwenye matope. Nikataka kumshika kiwiko, Papa Léopold akanizuia. Mama alimega jingine, akalifikisha kinywani mwa mwanawe, na Albert alikuwa analia hata hawezi kutafuna. Mama akamwambia, "Meza kwanza. Utalia nyuma." Akameza. Mama akawageukia watu waliosimama pale, akasema, "Huyu iko hai. Miye njo ninasema." Kisha akamwambia Albert polepole, lakini mimi nilisikia: "Sasa utaweza kunizika."

Nilikasirika naye, wifi, nakuambia kweli. Mimi niliyemlisha uji miezi yote hiyo sikuambiwa neno kama hilo. Lakini walipokaa pamoja siku zile chache nilisikia mama akicheka mle ndani, akiuliza habari za Emérita, kama ana meno yote, kama ni mkaidi, kama anajua kuogelea. Alipoambiwa kwamba mtoto alimlilia baba yake mbele ya watu wote wa Mushaki, alisema mtoto huyo ni wa kwetu, aletwe. Kwa hiyo njoo naye. Nimekwisha kuuliza, dereva wa kamyo ya mchele anayelala kwetu kila juma atawachukua toka Masisi.

Mama alituacha Jumanne alfajiri. Safari hii padri alisoma misa. Kaburini Papa Léopold alimpa Albert jembe kabla ya mtu mwingine yeyote, na hakuna aliyenong'ona.

Kwa desturi yetu mtoto wa kiume ndiye anayeanza kilio. Aliweka mikono kichwani, akaanza, akanyamaza, akaanza tena. Miaka sita ni mingi. Maneno yalikuwa yamempotea. Aliruka jina la babu, akaweka mstari wa baba mahali pa mama, akarudia pale pasiporudiwa. Alikosea mahali pengi, nasi tuliitikia vilevile alivyokosea.

Wifi yako,
Jeannette